Jina Lisilo na Mwenyewe

Asubuhi ya Jumatatu Dinah alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba yao ya Mwakingali, mjini Voi, mtoto wa siku tisa kifuani, daftari magotini. Daftari lilikuwa na majina arobaini na mawili. Thelathini na manane alikuwa ameshayakata kwa kalamu nyekundu.

Si kwamba Dinah ni mtu wa kuchaguachagua. Kwa miaka sita alikuwa na saiba karibu na stendi, akiwajazia watu fomu za serikali kwenye kompyuta, na alijua vizuri jina linavyoweza kumtesa mtu. Yeye mwenyewe ni Mwang'ombe, na ile alama ndogo ya juu ilikuwa imemrudisha nyumbani kutoka madirisha mengi. Kwa hiyo alitaka jina la herufi chache, ambalo karani yeyote angeliandika bila kuinua kichwa. Alitaka pia lisiwe jina la kila mtu, maana mtaani kwao ukiita Shanice wanaitika watoto wanne. Lakini hayo mawili yalikuwa madogo. Kubwa lilikuwa la tatu, kwamba jina lisiwe na mwenyewe.

Kwa kina Fanuel, mumewe, jina lenye mwenyewe huitikiwa. Ukilitamka mara tatu juu ya mtoto, marehemu aliyekuwa nalo huja jioni hiyo hiyo kumkagua. Huketi kwenye kigoda karibu na mlango, hunywa chai, na akiridhika humwachia mtoto mzigo wake. Wengine humwita mchungaji, wengine huchinja mbuzi. Wao huweka kigoda.

Dinah alipotamka Wakesho, alikuja bibi mmoja mfupi, nyanya wa babake Fanuel, akamgeuza mtoto masikio na kusema atafaa. Kulikuwa na shoka lake kwa jirani huko Mgange tangu mwaka wa njaa, na lazima mtu alifuate. Alipotamka Mghoi, alifika shangazi Mghoi na kikapu chake, akataka ahadi kwamba mtoto hatamsalimu mpaka kufa mdogo wake yeye shangazi, ambaye waligombana. Dinah aliwamiminia chai, akawashukuru kwa kuja, akayakata majina yao.

Alikuwa na sababu. Jina lake alilirithi kwa nyanya yake, na alipokuwa na miaka saba alishaanza kutumwa kuomba msamaha kwa watu asiowajua.

"Mwanangu hatabeba gunia la mtu," alimwambia Fanuel. "Alikuja mikono mitupu, na ataishi mikono mitupu."

Fanuel ni fundi wa friji na si mtu wa maneno mengi. Alisema sawa.

Mamake Fanuel, Elsie, alikuwa ameshuka kutoka Wundanyi kumwogesha mtoto na kumpikia mzazi uji. Ana miaka sitini na mitatu, na ulimi wake hauna breki. Anasema juu ya bei ya nyanya, juu ya mapazia, juu ya namna Fanuel anavyokohoa. Juu ya jina la mtoto tu ndipo alipokaa kimya, na hapo ndipo ungetegemea mama mkwe apige kelele.

"Na mama yako je?" Dinah alimuuliza siku moja. "Yeye aliitwa nani?"

"Mimi mama yangu hana jina," Elsie alijibu, akaendelea kumenya viazi.

Hadithi yake ilijulikana, ingawa haikusimuliwa. Elsie alizaliwa kwenye makambi ya wafanyakazi katika shamba moja kubwa la mkonge. Kabla hajafikisha juma moja, mamake akamwacha kwenye mkeka na kutorokea Mombasa na dereva wa lori. Hivyo ndivyo karani wa shamba alivyomwambia shangazi aliyekuja kumchukua. Elsie alikua nayo, akaolewa nayo, akazeeka nayo. Jina la mwanamke yule halikuwahi kupita mdomoni mwake, hata watoto wake hawakulijua.

Jina lenyewe lilimjia Dinah Jumanne, akikamua nepi. Neri. Hakujua limetoka wapi. Alilitafuta kwenye simu, hakumwona mtu. Aliwaza kila mtu aliyewahi kumjazia fomu, na hakukuwa na Neri hata mmoja. Herufi nne tu, na hata mtoto wa chekechea angeliandika. Elsie akiwa sokoni, aliinama juu ya mtoto akalitamka mara tatu, akaweka kigoda na kupika chai.

Jioni hiyo hakuja mtu, wala Jumatano, wala Alhamisi. Ijumaa Dinah alikirudisha kigoda jikoni, akapiga kigelegele kidogo peke yake, cha kutosikika kwa jirani. Alimnong'oneza Fanuel kwamba wamepata jina tupu, safi kabisa, na kwamba mama wangemwambia Jumamosi wakati wa chakula.

Jumamosi adhuhuri hodi ilipigwa.

Mlangoni alisimama msichana wa miaka kumi na tisa hivi, kanga kiunoni, hana viatu, vumbi jekundu mpaka magotini. Mikono yake ilikuwa na makovu madogomadogo, yale ambayo miiba ya mkonge humwachia mkataji.

"Samahani nimechelewa," alisema. "Ni mbali kwa miguu. Halafu sijaitwa siku nyingi, mara ya kwanza nilidhani wanamwita mwingine."

Moyo wa Dinah ulishuka mpaka kwenye ndala. Hata hivyo mgeni ni mgeni. Alikifuata kigoda jikoni, na huko alimkuta Elsie amesimama na mwiko mkononi, akiwa amesikia ile sauti.

"Umemwitaje mtoto?" Elsie aliuliza.

"Neri, mama."

Elsie aliweka mwiko chini. Alijifuta mikono kwenye leso, taratibu, kidole baada ya kidole, akaenda sebuleni na kuketi mbele ya yule msichana. Walifanana paji la uso. Ungewakuta stendi ungesema nyanya na mjukuu wake.

"Umechelewa," Elsie alisema. "Miaka sitini na mitatu."

"Nilizuiliwa," alisema Neri.

"Na dereva wa lori?"

"Dereva gani?"

Akaeleza, akipuliza chai. Siku Elsie alipozaliwa damu haikukatika. Mkunga alikwenda kuomba lori limpeleke hospitali, na lori lilikuwa linapakia marobota ya kuwahi treni ya jioni. Akaambiwa angoje. Likamaliza kupakia, likaenda. Neri naye akaenda, kabla jua halijatua. Walimzika asubuhi yake katika kitalu namba kumi na nne, na mwaka uliofuata kikapandwa mkonge. Karani aliandika kwamba ametoroka, kwa sababu mtu akifa shambani lazima maswali yaulizwe, lakini aliyetoroka ni wa kulaaniwa tu.

"Nilikulaani mimi," Elsie alisema. "Kila Krismasi."

"Nilikuwa nikisikia. Nilijua angalau unakula vizuri, sauti ilikuwa na nguvu."

Hapo Elsie akalia. Alilia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa sokoni akapatikana, na msichana wa miaka kumi na tisa akamvuta kichwa mpaka mapajani na kumwambia nyamaza, nyamaza mwanangu, mimi hapa. Fanuel alikuja kutoka kazini akawakuta hivyo. Alivua kofia, akasema, "Shikamoo, nyanya," akaenda kukaa na mtoto ili Dinah amalizie ugali.

Walikula. Dinah alingoja kusikia mzigo ni upi. Mwishowe aliuliza mwenyewe.

"Mzigo wa nini?" alisema Neri. "Mtoto atabebaje? Mimi nataka tu lile neno lifutwe kitabuni, kisha nitolewe pale nipelekwe nyumbani milimani nikalale na watu wetu. Hilo ni la watu wazima."

Saa kumi alitazama jua, akasimama. Elsie alimsihi alale. Neri alikataa. Kengele ya kuhesabiwa wafanyakazi shambani inalia alfajiri, alisema, na hajawahi kuikosa hata siku moja. "Nikilala nje nitakuwa nimetoroka kweli, na watakuwa wameandika sawa."

Jumatatu walikodi gari, probox, Elsie, Dinah, mtoto na Fanuel, wakaenda shambani. Neri aliwangojea langoni. Ofisi ilikuwa na feni na kalenda ya mwaka jana, na karani aliitwa Donald, kijana mwenye adabu, shati limepigwa pasi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu. Kisha akapanda ngazi, akashusha kitabu cha mwaka ule, akapuliza vumbi. Jina lilikuwepo, kwa mwandiko mzuri wa wino wa bluu. Mbele yake palikuwa na neno moja: *ametoroka*.

"Huyu hapa," Elsie alisema, akimshika msichana bega. "Ametorokea wapi?"

Donald alimtazama Neri, akampa mkono. "Naona. Pole sana, mama. Na pole kwa siku ile." Alisema kwa moyo, hata akatoa kitambaa. "Lakini kitabu kinarekebishwa na mfanyakazi mwenyewe, akileta kipande chake, ile kadi ya kazi."

"Kipande mlikichukua siku mliyoniandika," alisema Neri.

"Ndiyo. Vilikuwa kwenye lile kabati." Alionyesha pembe ya ofisi isiyokuwa na kabati.

"Basi tuonyesheni kaburi," alisema Fanuel.

"Hilo ndilo gumu zaidi. Aliyetoroka hana kaburi kwetu. Na kitalu kumi na nne wiki hii kinavunwa, wageni hawaruhusiwi." Alisukuma kitabu cha wageni mezani. "Ila mtajiandikisha, tafadhali. Hata huyu mama."

Neri akataja jina lake. Donald aliliandika mara moja, bila kuinua kichwa, wala hakuuliza linaandikwaje.

"Jina zuri," alisema. "Si la kawaida, na ni rahisi kabisa."

Dinah alikuwa amesimama nyuma yake, akaona herufi zile nne zikikaa kwenye mstari bila taabu yoyote, chini ya saa ya kuingia. Zilikuwa hivyo hivyo kwenye kile kitabu kingine. Alihisi hasira, kwamba wepesi huo huo ndio uliomwandika ametoroka. Wakati wa kurudi, kwenye probox, alimwuliza mama mkwe wake kama angekubali mtoto aitwe jina hilo.

"Nitakubali nini?" alisema Elsie. "Mimi ninaogopa kuliita. Miaka yote hii."

"Anza na huyu mdogo," Dinah alisema, akampa mtoto.

Wiki hiyo walijaza fomu ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Dirishani karani alichapa Neri mara moja na kusema asante, anayefuata. Dinah, aliyekuwa ametamani siku hiyo kwa miezi tisa, alitoka nje akakaa kwenye ngazi kwa muda.

Tangu hapo wamekwenda shambani mara tano. Donald huwapokea vizuri, na sasa anajua jina la mtoto. Barua mbili hazijajibiwa. Kitalu kumi na nne kimeshavunwa na kupandwa upya.

Neri mkubwa huja kila Jumamosi. Humwogesha Neri mdogo, husuka nywele za Elsie, ambazo ni nyeupe zote, na humkemea anapokaa vibaya. Saa kumi hutazama jua. Elsie humfungia viazi kwenye mfuko na kumsindikiza mpaka barabara kuu, ambako malori ya Mombasa hayapunguzi mwendo, na hapo yule msichana humshika mkono bintiye, hutazama kulia na kushoto, na kumvusha. Huagana upande wa pili. Halafu Elsie huvuka peke yake kurudi.

Alfajiri kengele hulia shambani, na Neri mkubwa yupo.