Mteja wa Kupeleka kwa Jirani

Mkutano wa mwaka wa Umoja wa Wauza Vitambaa ulifanyika chumba cha nyuma cha duka la Mwenyekiti, wanachama wakiwa wamekalia majora ya suti, kwa sababu Mwenyekiti hakuwahi kununua viti. Zamani majora yalikuwa hayatoshi na watu walisimama hadi mlangoni. Mwaka huu walikuwa saba, kila mmoja na jora lake, na jingine la kuwekea mkoba.

Mama Pazia alikaa karibu na mlango, barua ya kujitoa mkobani. Jina hilo alilirithi pamoja na duka: marehemu mumewe aliitwa Baba Pazia, na ilisemwa kwamba hakuna dirisha la heshima mjini ambalo hakulivisha yeye. Miaka miwili tangu amzike, duka lilikuwa linamfia mikononi. Umaskini haukumtisha, alishawahi kuuonja. Kilichomla moyo ni kwamba mume alijenga kwa miaka thelathini, naye akabomoa kwa miwili.

Mwenyekiti akasoma taarifa. Mtaro, mtaro, mtaro. Barabara ilichimbwa mwezi wa pili ili mabomba mapya yapite, ikaachwa wazi miezi minane, na mteja akitaka kitambaa ilimbidi avuke juu ya ubao huku kashika sketi. Kisha duka kubwa la milango ya vioo likafunguliwa pale kona, na maduka matano ya mtaa yakafungwa. "Kwa ufupi," alisema Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusema kwa ufupi, "tumeumia, lakini tupo."

Mama Pazia alikuwa mbali kimawazo, enzi mtaa ulipokuwa mtaa. Asubuhi ulisikia vitambaa vikichanwa duka hadi duka, chraa, chraa, na Bwana Rula wa duka la pili akibishana na mteja juu ya nusu inchi. Kulikuwa na ile desturi pia, ambayo wageni waliiona wazimu. Ukishauza mara moja asubuhi, mteja wa pili humkatii kitambaa kama jirani yako bado hajauza. Unamwambia, "Mimi nimeshafungua, nenda kwa jirani." Ndivyo walivyolea watoto, wakasomesha, wakazikana. Alizitamani siku zile.

"Mama Pazia, shemeji," Mwenyekiti akaita. "Na wewe sema neno."

Alisimama. "Mimi mtaro siusingizii. Mtaro huohuo ulikuwa mbele yenu na mkauza. Kila mtu na riziki yake. Mimi nimeshindwa, na nimekuja kuaga."

"Umeshindwa vipi?" Bwana Rula akaruka. "Wewe ambaye kila asubuhi unaniletea wateja? Saa tatu haijafika, umeshafungua!"

Angeweza kunyamaza. Lakini mtu anayeaga anaogopa nini tena?

"Nilikuwa nadanganya, shemeji. Tangu mwezi wa tatu. Mteja mwenyewe ni mmoja asubuhi nzima. Nikimkatia, sina wa kukuletea. Na hapa mtu asiyepeleka mteja mpaka saa nne, mtaa mzima unajua hali yake. Sikutaka mnionee huruma, mjane wa watu. Nikaona bora nife na tai shingoni."

Bwana Rula, mtu asiyekubali nusu inchi ipotee, akawa kama aliyeibiwa jora zima.

"Wale wateja," alisema polepole, "na mimi niliwaambia nimeshafungua. Nikawapeleka kwa Mwenyekiti."

"Na ulikuwa umeuza?" Mama Pazia akauliza.

"Nimuuzie nani!"

Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti. Aliikunja taarifa yake, akaikunjua. "Jamani, mimi ni mwenyekiti. Mwenyekiti atasemaje kwamba hajauza? Niliwapeleka kwa Babu Lesi."

Babu Lesi alikuwa na duka la mwisho mtaani. Alilifunga mwezi wa saba, ila mkutanoni alikuja kwa mazoea. "Walikuwa wanafika kweli," alisema akifuta miwani. "Wamechoka, viatu tope tupu. Nikajua mmekaa mkapanga kumsaidia mzee. Na mimi nina heshima yangu, ati. Nikawaambia nimeshafungua, nendeni kwa jirani."

"Babu," Mama Pazia akasema, "baada yako hakuna jirani."

"Yupo. Yule wa milango ya vioo."

Aliyeanza kucheka ni Mwenyekiti, na tumbo lake likawaambukiza wengine. Mwaka mzima walililaani lile duka kubwa, kumbe wao ndio waliolipelekea wateja, tena kwa adabu zote! Walicheka mpaka wakafuta macho, halafu kicheko kikawaishia mmoja mmoja.

"Mficha uchi hazai," akasema Babu Lesi.

"Mume wangu angekuwepo," Mama Pazia akasema, "haya yasingetokea."

Mzee akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Mwanangu, unadhani nani alianza? Mwaka wake wa mwisho, majirani wengine wakiwa wameshauza, aliniletea wateja kila siku ya Mungu. Siku moja nikapita dukani kwake, nikakuta vumbi kwenye majora na mkasi umetundikwa. Nikamuuliza. Akaniambia, 'Babu, usimwambie mke wangu. Akiniona narudi nimechoka, anajua nimechoka kwa kuuza.'"

Mama Pazia akakaa. Alilia, wala hakuutafuta ukingo wa mtandio kujificha. Miaka miwili alikuwa akijilaumu kwa kuua duka ambalo mumewe alimwachia likiwa mahututi, na aliyemlilia sasa hakuwa yule bingwa wa madirisha wa hadithi za watu. Alimlilia mwanamume aliyerudi nyumbani jioni, akavua viatu, akauliza kama watoto wamekula, na hakusema kitu. Alimpenda kuliko zamani, na pia alitamani angekuwepo amgombeze.

Hakuna aliyemharakisha. Bwana Rula alimsogezea jora ajiegemeze.

"Shemeji, usituage leo," alisema.

"Mwacheni kwanza," Babu Lesi akasema. "Mwanangu, nikuulize. Leo umeuza?"

Maneno mawili matatu tu, lakini hakuna mtu aliyewahi kuyatamka katika mtaa ule.

"Sijauza, Babu."

"Na mimi sijauza," akasema Bwana Rula.

Mwenyekiti akaangalia chini, akarekebisha kola yake, na kwa mara ya kwanza maishani akasema kwa ufupi.

"Wala mimi."