Lifti Imejaa

Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, na juu yake mstari mmoja mweupe: amri haikupatikana. Binti aliandika amri ile ile tena, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina wenyewe. Jibu halikubadilika. Jana zana zake zote za kutunga programu zilimwitikia. Leo zimefanya ganzi, na mchana huu alikuwa awaonyeshe wateja kazi yake.

"Nani kaigusa mashine hii?"

Baba yake, aliyekuwa amekuja kumtembelea na sasa akipangusa meza iliyokwisha kupanguswa, alisita.

"Iliita, mama. Ulikuwa bafuni. Ikaita tena, nikabonyeza pale ilipotaka."

"Ukasasisha mfumo mzima, baba?"

"Iliita, nikaitika."

Mzee huyu alistaafu akiwa mwendesha lifti. Kengele ikilia ghorofa yoyote, alikwenda. Hakuuliza nani wala kwa nini. Fahari yake ilikuwa kwamba hakuna aliyelazimika kumwita mara mbili.

"Si kila kengele ni yako!"

Neno lilimponyoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Baba aliitikia kwa kichwa, akaenda chumbani. Punde ikasikika zipu ya begi.

Binti aliinamia kazi. Akagundua kwamba mfumo mpya ulikuwa umezifagia zana za zamani, na njia za kuzifikia sasa zilielekea patupu. Kazi zake zilikuwa salama. Zilikosa tu wa kuzihudumia. Akaagiza zana mpya, na upakuaji ukajikokota kama konokono. Hapo hakuwa na la kufanya ila kusikiliza mashati yakikunjwa upande wa pili wa ukuta.

Akajikumbuka mdogo, ametoka shule, amesimama ndani ya lifti ile akibonyeza vitufe vyote kwa viganja viwili. Wakasimama kila ghorofa, milango ikifunguka kwenye korido tupu, na baba akitangaza kila namba kwa sauti ya kazi, kana kwamba kuna abiria. Hakumkemea hata kidogo.

Zana ziliposhuka, akazielekeza njia mpya, akaandika amri. Safari hii ikaitika.

"Baba!"

Alitokea, begi begani. "Imepona?"

"Imepona. Ilikuwa imepotea njia tu."

"Alhamdulillahi. Basi niwahi basi la mchana, nikuache ufanye kazi."

"Na mlango utakaa na nani? Majirani zangu hugonga kama wanaofukuzwa na nyuki. Nitaongeaje na wateja mtandaoni?"

Mzee aliutazama mlango, akamtazama binti.

"Wakija, niwaambieje?"

"Waambie lifti imejaa."

Kicheko kilimtoka mzee kabla hajakizuia. Akaburuta kiti hadi mlangoni, akaketi wima, begi mapajani.

Wateja walipoaga, binti aligeuka. Baba alikuwa amesinzia palepale. Begi alikuwa bado amelikumbatia, lakini kiatu kimoja alikuwa amekivua.