Nasike Aulizwa Mtu Huyu ni Nani

Mzee Wanyonyi alikuwa akimpimia jirani yake Kibiwott mbegu za sukuma wiki, dukani kwake Kibomet, simu ilipolia. Kwa kuwa ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, hakuhitaji kutazama ni nani. Kule Japani ilikuwa saa kumi jioni. Hesbon mwanawe hutoka kiwandani mapema siku hiyo, humchukua binti yake kwenda bustanini kucheza, na wakiwa huko humpigia mzee simu ya video.

"Bibi yangu hajambo?" mzee akauliza.

"Mume wangu hana meno," akajibu Nasike, mwenye miaka minne, na Kibiwott akacheka hadi akaegemea magunia.

Mtoto huyo alikuwa amepewa jina la marehemu mke wa mzee, yaani mama yake Hesbon. Kwa Wabukusu, anayepewa jina hupewa na cheo cha mwenye jina. Kwa hiyo mzee alimwita bibi yangu, Hesbon akamwita mama, naye Nasike alifundishwa na babu yake, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwamba akiulizwa Hesbon ni nani wake, ajibu: mtoto wangu. Alilijibu swali hilo mkono kiunoni, kwa Kiswahili na kwa Kijapani, hata huko chekechea. Haruka, mama yake aliyemzaa, alishazoea. Ngozi ya mtoto ilikuwa ya Haruka, na nywele zake zilikuwa za kulala. Cha Bungoma, kwao Hesbon, kilikuwa paji la uso tu, na hilo hulitambua anayewajua wenye nalo.

"Baba, ngoja." Sauti ya Hesbon ilikuwa imeshuka ghafla. "Wanakuja. Usiseme kitu."

Picha ikazunguka. Anga, tawi la mti, kisha giza. Simu ilikuwa imetiwa mfukoni mwa shati bila kukatwa.

Mzee alijua maana yake. Katika miaka saba polisi walikuwa wamemsimamisha Hesbon mara kumi na moja: barabarani, stesheni, hata mlangoni pake akitafuta ufunguo. Walitaka kuona kadi ya ukaazi na kuuliza anatoka wapi, anakwenda wapi. Hesbon alikuwa amemwagiza baba yake mapema: wakinikuta nikiongea nawe, nyamaza kabisa. Sauti ya ghafla kutoka mwilini mwa mtu humshtua askari, na askari aliyeshtuka hujui atafanya nini.

"Ni nini, mzee?" Kibiwott akanong'ona.

Mzee akamwonyesha kidole aache kusema.

Kutoka gizani ilisikika sauti ya mwanamume, yenye adabu tele, ikiuliza. Hesbon akajibu kwa adabu zaidi, kwa sauti nyembamba ambayo mzee hakuwahi kuisikia nyumbani kwake. Sauti ya mwanamke ikaingia, ya kubembeleza. Mzee hakujua Kijapani hata cha kuombea maji, lakini alijua namna mtoto anavyoulizwa jambo. Kisha akamsikia Nasike akicheka. Kicheko kile alikijua vizuri. Kilikuwa cha mchezo wao wa Jumamosi.

"Mama," Hesbon akasema kwa Kiswahili, "si wakati wa mchezo. Sema mimi ni nani wako."

"Wewe ni mtoto wangu," Nasike akasema, kisha akawaeleza wageni kwa lugha yao.

Askari wa kiume akasema neno moja, fupi. Hesbon akanyamaza palepale. Mzee akaelewa kwamba wamemkataza kusema na mtoto kwa lugha wasiyoijua.

"Si uwaambie wewe ni babu yake, bana," Kibiwott akasema polepole. "Kwani uko mbali? Uko hapo hapo."

Ilikuwa kweli. Mzee alikuwa kifuani pa mwanawe, karibu kuliko wale askari, na mchezo ulikuwa wake. Akafungua mdomo. Akasikia Hesbon anavyopumua, haraka haraka kama mtu aliyepanda kilima, akaufunga.

Sauti ya mtoto ikaanza kwenda mbali. Hakuwa analia bado. Alijua babu yumo mfukoni, na alitaka amsaidie kucheza.

"Mume wangu," aliita, "waambie."

Mzee aliweka kiganja mdomoni. Mbegu zilikuwa zimemwagika mezani na hakuna aliyezitazama.

"Mume wangu."

Simu ikakatika.

Saa mbili na nusu zilipita. Wateja walikuja wakaambiwa duka limefungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi. Kibiwott hakuondoka.

"Si Hesbon ana makaratasi?"

"Ana kila kitu."

"Basi?"

"Basi nini? Karatasi itamfananisha na mtoto wake?"

"Watauliza mamake."

"Mamake yuko kazini, simu wanafungiwa kabatini. Kibiwott, mtoto akikana baba mbele ya serikali ya watu, wanamweka wapi?"

Kibiwott aliinamia meza. Alianza kuokota mbegu moja moja.

Hesbon alipopiga alikuwa kwake nyumbani, ameketi sakafuni, mgongo ukutani. Hakuumizwa. Mtu wa ghorofa inayotazama bustani alikuwa amepiga simu polisi kwamba kuna mwanamume mweusi anamzungusha mtoto asiyefanana naye. Walipelekwa kituoni. Haruka alipatikana, akaja na cheti cha familia.

"Hawakunigusa, baba. Waliinama wakaniomba radhi kwa kunipotezea wakati. Hata sina mtu wa kumkasirikia."

"Na mtoto?"

"Walimweka chumba kingine, wakampa biskuti. Watu watatu walimuuliza lile swali. Wote watatu aliwajibu vilevile, akingoja mmoja acheke."

Mzee alikohoa. "Mimi nilinyamaza, kama ulivyoniambia."

"Ulifanya vizuri."

Afadhali angelaumiwa.

"Lakini baba, lile jibu," Hesbon akaendelea. "Wewe ndiye ulimfundisha. Mimi nikimwambia aliache anadhani nataniana naye. Liondoe wewe. Siku nyingine huenda wasimpate Haruka."

Jumatatu mzee alikwenda Kanduyi kwa dada yake mkubwa, Agneta, aliyemteulia mtoto jina. Alimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo.

"Umekuja kutafuta ruhusa ya kumtaliki mtoto wa miaka minne?" Agneta akasema aliposikia habari nusu. "Wanyonyi, umeanza kuzeeka vibaya."

"Nataka aseme Hesbon ni baba yake."

"Kwani si baba yake? Nani alisema siye?"

"Yeye mwenyewe. Kwa askari."

Agneta akaacha maharagwe. "Wangemchukua?"

"Sijui."

"Hesbon naye anasemaje kuhusu hilo?"

"Hakuniambia. Na mimi niliogopa kumuuliza, dada."

Katika miaka sabini na moja Agneta hakuwahi kumsikia ndugu yake akitamka kwamba ameogopa kitu. Alimtazama, kisha akauchukua tena ungo.

"Mfundishe. Mwenye jina nitamweleza mimi. Hata yeye, akiwa hai, akiona gari la polisi alikuwa anaingia jikoni."

Jumamosi iliyofuata hawakwenda bustanini. Hesbon aliiegemeza simu juu ya kiti, mtoto akasimama mbele yake, amevaa soksi. Mzee alikuwa amelifunga duka na kuketi chumba cha nyuma.

"Bibi ya—" akaanza, akajizuia. "Nasike. Leo mimi ni askari. Mtu huyo nyuma yako ni nani?"

Mkono ukaenda kiunoni. "Mtoto wangu."

Mzee hakucheka. Mtoto akangoja. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, akidhani hakusikika.

"Hapana. Askari anauliza tena. Huyo ni nani?"

"Mume wangu, umekasirika?"

"Mimi si mume wako leo. Mimi ni askari. Huyo ni nani?"

Mara ya tano mdomo wake ulitetemeka. Mara ya sita alitazama nyuma, akamkuta Hesbon ameugeukia ukuta. Mzee alitamani kuacha, lakini akaikumbuka ile sauti ikienda mbali, akauliza tena. Mara ya nane mkono wa mtoto ulishuka wenyewe kutoka kiunoni.

"Ni baba yangu," Nasike akasema. "Anaitwa Hesbon. Ninaishi naye. Mama yangu anaitwa Haruka."

Maneno hayo mengine hakuna aliyemfundisha. Aliyasema bila kicheko, miguu pamoja, viganja vimefunguliwa mbele ya tumbo ili vionekane havina kitu. Kisha akainama kidogo.

"Vizuri," mzee akasema. "Vizuri sana."

Mtoto hakusogea.

"Naweza kwenda sasa?" akauliza.

Mzee hakujua anaulizwa yeye au askari. Akamwambia aende.