Maji ya Kumwoshea Mama

Adinani nilimng'ata mkono kwa sababu ya makongoro, na sioni haya kusema. Yeye alikaa juu, mimi chini, nyumba ya kupanga hapa Gongoni, Tabora, na bomba la maji machafu ni hilo hilo moja. Kila alfajiri alichemsha miguu ya ng'ombe, apeleke supu stendi. Masalio yote, mafuta, manyoya, vipande vya kwato, aliyamwaga kwenye tundu la bafu lake. Mafuta yakipoa yanaganda, bomba linaziba, na uchafu wake unaibukia bafuni kwangu, mweusi, unanuka mzoga.

Nilimwambia kwa uzuri, nikamwambia kwa ubaya. Akanijibu, "Dada, bafu lako ndilo bovu, usitafute mchawi." Basi nikafunua chemba ya uani, nikachota ndoo nzima ya ule uchafu, nikapanda nayo ngazi, nikammwagia mlangoni. Akanizaba kofi. Nikamdaka mkono, nikauma mpaka damu ikanijaa mdomoni. Mwenye nyumba akaleta fundi bomba, akazibua kwa waya mrefu, haikupita wiki pakaziba tena. Safari hiyo nilimvunjia dirisha, naye akanisukuma ngazini, jino likanitoka. Majirani wakazoea. Wakisikia vyombo vinaanguka wanaulizana tu kama leo ni chini au juu.

Ningekuwa peke yangu ningehama, kwani nyumba ziko ngapi Tabora hii? Lakini nilikuwa na mama. Alikuwa amepooza upande mmoja, na mlango wa chumba chake ulitazamana na bafu. Mtu aliyesali maisha yake yote, sasa anasali amelala, na harufu ya najisi imemzunguka. Roho iliniuma, nasema kweli iliniuma. Siku moja akanishika kanga akaniambia, "Mwanajuma, nikifa unioshe wewe, kwa mikono yako. Humu humu ndani. Sitaki kuzungushwa." Nikamwapia. Katika dunia hii hapakuwa na kitu kingine nilichokitaka.

Sisi wenyeji wa hapa maiti tunamwosha juu ya ufuo. Ufuo ni shimo, linachimbwa chini ya kitanda anacholazwa, maji yake yashukie humo, kisha yafukiwe asiyakanyage mtu. Sasa ghorofani utachimba wapi? Ndani saruji, uani saruji. Mama alipofariki, asubuhi kweupe, kaka yangu Twalibu akasema tumpeleke kwake Ng'ambo, kule ua ni wa udongo. Nikakataa. Bi Najiat, mama mtu mzima anayeosha maiti za mtaa wetu, naye akasema, "Mwanangu, hapa pana walakini." Nikamwambia bafu nimelisugua, tundu linameza maji, hilo ndilo litakuwa ufuo wetu. Twalibu akataka basi apande juu amwombe Adinani asimwage kitu mpaka tumalize. Nikamwambia akithubutu kumpigia magoti yule mchemsha kwato, mimi na yeye undugu umekwisha. Mfiwa habishiwi. Wakaniachia.

Tukaingia watatu: Bi Najiat, mimi, na Asmahani, mke wa Adinani. Asmahani sikuwa na neno naye. Kila Ijumaa alishuka kumsuka mama nywele, hata siku ambazo mimi na mumewe tumetoana damu. Tukamlaza mama kwenye kitanda cha kamba, tukamsitiri kwa shuka. Bi Najiat akapiga bismillahi, akamwaga kata ya kwanza. Nikaanza kumsugua bega. Maji yakashuka tunduni, yakasimama, tundu likaguna. Halafu likatapika. Mafuta ya vuguvugu, manyoya, vipande vya kwato, na weusi wote wa bombani, vikatufunika nyayo. Pindo la shuka la mama lilikuwa linaning'inia, likayanywa yale maji mpaka magotini mwake. Mama yangu akawa ananuka supu.

Nilipita jikoni nikachukua mchi, nikapanda.

Nilimkuta Adinani bafuni, ameinama, anakung'uta sufuria tupu tunduni. Nilimpiga begani na mfupa nikausikia. Akaanguka kwenye mafuta yake mwenyewe. Nikampiga mbavu, nikampiga tena. Akajiburura mpaka jikoni, mkono mmoja mzima ameuinua, ananiambia, "Ngoja, dada, ngoja." Nilikuwa nimengoja miaka. Sufuria la pili lilikuwa bado mekoni linatokota. Nikautupa mchi, nikalishika sufuria masikio kwa mikono mitupu, nikamgeuzia. Nusu ilimwingia kifuani, nusu ikanirudia mimi mikononi. Alilia sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. Nami nilisimama pale namtazama, na nilikuwa na furaha.

Hapo ndipo nikaona amevaa kanzu. Kanzu nyeupe, ya kuzikia, na kofia imeangukia majivuni. Ngozi ilikuwa imeshikana na kitambaa.

"Nilikuwa nafunga kazi," alisema, meno yanagongana. "Namwaga nishuke nikambebe mama. Nilijua mnamwoshea Ng'ambo. Nani anaosha maiti ghorofani?"

Twalibu akaingia na wanaume wengine, akaninyang'anya lile sufuria, akanitazama kana kwamba hatukunyonya ziwa moja. Wakamlaza Adinani kwenye blanketi wampeleke hospitali. Mimi nikashuka.

Chini walikuwa wameshasafisha. Sakafu wameipiga maji na sabuni, mama wamembadilisha shuka, maji mapya ya mkunazi yanafuka kwenye ndoo. Wataanza upya. Nikaingia nikaenda kusimama mahali pangu, begani kwake. Bi Najiat akaitazama mikono yangu. Ndipo na mimi nikaitazama. Ngozi ya viganja ilikuwa imebambuka inaning'inia, damu inadondoka na mafuta ya ng'ombe yameng'ang'ania humo.

"Toka, mwanangu," akasema.

"Nilimwapia, bibi."

"Najua. Lakini utamtia najisi. Toka."

Nikapiga magoti, mimi Mwanajuma, ambaye sijapata kumwomba mtu. Nikamwambia nitaifunga mikono kitambaa, nitavaa mifuko, nitamshika kidole kimoja tu. Akanishika mabega kwa upole akanitoa, akaegesha mlango. Nikabaki nje nimeiinua mikono, hata machozi siwezi kuyafuta.

Ngazini walikuwa wanamteremsha Adinani, na alikuwa anamwita mkewe kwa jina. Nikazungumza kwenye upenyo wa mlango. "Asmahani, mumeo nimemuunguza. Nenda."

"Nimesikia tangu alipopiga kelele," akasema. Kata ilikuwa inagonga ndoo. "Yule ana watu wa kumbeba. Huyu hana wa kumwosha."

Kisha akamwuliza Bi Najiat aanzie upande gani.