Aliyeruhusiwa Kuingia

Nyumbani walimwita Hadubini, kwa kuwa hata mchele akiuchambua aliusogeza karibu na pua kana kwamba kila punje ina siri yake. Mtihani wa biolojia ulikuwa umekaribia vipele vilipomtokea: kimoja nyuma ya sikio, kisha kifuani, kisha mwili mzima.

Muuguzi wa zahanati hakuhitaji kumtazama mara mbili. "Tetekuwanga," alisema, akamgeukia mama, ambaye tumbo la mimba lilikuwa limemtangulia mlangoni. "Wewe umewahi kuugua?"

"Sidhani."

"Basi usimkaribie. Ahudumiwe na mtu aliyekwisha kuugua."

Mtu wa namna hiyo nyumbani alikuwa mmoja tu: bibi, mama mzazi wa mama, mwenye kovu dogo la mviringo juu ya nyusi. Lakini bibi alikuwa msahaulifu. Alisahau kama amekula, na juzi tu alimwuliza mama, binti yake wa kumzaa, kama yeye ndiye mpangaji mpya.

"Hajui hata kama ametia chumvi," mama alinong'ona ukumbini. "Nitamwachiaje mgonjwa?"

"Yeye anasahau, damu yake haisahau," Hadubini alijibu kutoka chumbani, sauti ikikwaruza. "Kuna seli za kumbukumbu, mama. Zilishapigana na ugonjwa huu zamani. Zinaujua."

"Haya, mwalimu. Lala."

Wakakubaliana hivi: mama apike, aweke sinia nje ya mlango, bibi aliingize.

Mchana homa ilipanda. Pazia la kijani lilikigeuza chumba kizima kuwa rangi ya jani, na Hadubini, kitabu kikiwa kimemlalia kifuani, akajiona yumo ndani ya seli. Kuta zilikuwa laini, zikipumua. Ute ulimbeba polepole. Kiini kilielea katikati kama taa iliyofunikwa kitambaa, na mitokondria walipita wakivuma kama mashine za kusaga, wakimwambia apishe, wenzake wako kazini. Kisha ikaja chembe nyeupe ya damu, kubwa, isiyo na haraka. Ilinyoosha mkono usio na mfupa, ikakikumbatia kijidudu, ikakimeza, vilevile kama amiba anavyokula.

"Unakula au unapigana?" Hadubini aliiuliza.

"Fumbua mdomo," chembe ilimjibu.

Alikuwa bibi, na kijiko cha uji mkononi.

"Sina hamu, bibi."

"Mgonjwa haulizwi uji."

Siku zikaenda namna hiyo. Bibi alimpaka dawa ya majimaji ya waridi kwa pamba, kipele baada ya kipele, na mkono wa mjukuu ulipokwenda kukuna aliupiga kofi jepesi. Hadubini alidurusu kwa sauti ili usingizi usimchukue, na bibi akasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za majirani.

"Panzi hula nyasi, chura humla panzi, nyoka humla chura, mwewe humla nyoka."

"Na mwewe?"

"Akifa, bakteria na kuvu humwozesha, anarudi udongoni. Nyasi zinaota tena."

Bibi akafikiri. "Basi hakuna anayepotea."

"Hakuna, bibi. Wanageuka tu."

Alasiri moja alikuwa amefika kwa wanyama wanaocheua. Alieleza jinsi ng'ombe anavyomeza majani harakaharaka, kisha akitulia kivulini huyarudisha kinywani ayatafune upya.

Bibi akacheka kidogo. "Kama mimi na maneno. Nayameza, yananirudia baadaye." Akakiweka chini kipande cha pamba. Alipoinua macho, hayakuwa yakimtazama mjukuu tena. "Walinifungia nje, mdogo wangu. Mimi nilikuwa nimeshapona, vipele vimekauka. Wewe ukaugua baada yangu, homa ikakushuka kifuani. Nililala mlangoni kwenye mkeka. Uliniita. Wakasema nikiingia nitaugua tena, hadi asubuhi wakakutoa umefunikwa."

Hadubini hakuwahi kusikia kwamba bibi alikuwa na mdogo wake. Alijua jambo moja tu: mtoto yule aliyelala mkekani angeweza kuingia. Ugonjwa usingemrudia. Hadubini angeweza kusema, bibi, mimi ni mjukuu wako. Aliitazama ile mikono yenye madoa ya waridi.

"Nilikusikia, dada," alisema. "Nilijua uko pale mlangoni."

"Ulinisikia?"

"Ulikuwa karibu. Sikuogopa."

Bibi aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Kisha akakilaza kwenye ukingo wa kitanda, akalala usingizi, na Hadubini akawa anampapasa nywele. Kitabu hakikufunguliwa tena siku hiyo.

Nje ya mlango, sinia liligusa sakafu. "Alikuwa na mdogo wake?" mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Alikuwa naye."

"Hajaniambia hata siku moja." Mama akajishusha chini kwa shida, tumbo na yote, akaegemeza mgongo mlangoni, akabaki hapo hadi chai ikapoa.

Wiki iliyofuata kliniki ya wajawazito ikampima damu. Kumbe mama naye aliwahi kuugua tetekuwanga, utotoni, kabla hajajua kukumbuka. Alirudi nyumbani akicheka na kufuta machozi, akamwinamia bibi kitini.

"Mama, ni wewe uliyeniuguza?"

Bibi alimtazama. "Wewe ni nani wangu?"

"Mwanao."

"Basi ni mimi. Ungeuguzwa na nani mwingine?"

Hadubini alifanya mtihani akiwa na madoadoa kama kanga, akafaulu vizuri, ingawa swali la mzizi na shina lilimchenga. Mtoto akazaliwa mzima, mwenye sauti kubwa. Bibi hupenda kumpakata barazani, na kila baada ya kitambo huuliza ni wa nani. Akiambiwa ni wake, hufurahi upya.