Nguruwe wa Himmel

Nguruwe jike alikuwa ameshaogeshwa na kuvishwa shada la maua ya manjano, na bado alinuka. Tessa Dornbrack ndiye aliyeshika kamba yake. Siku hiyo hakujali harufu. Angeweza hata kumkumbatia mnyama yule. Ba'mdogo Delmar akishamaliza kusimulia habari za ukoo, nguruwe angefunguliwa, na shamba la Himmel lingekuwa la Tessa.

Habari zenyewe kila mtoto wa Dornbrack alizijua kabla ya kujua kufunga viatu. Ludolf, mzee wa kwanza wa ukoo, alitoka Pomerania, kwa Wajerumani, na shoka lake na mke mwenye homa. Alipofika Wisconsin, Marekani, na kuiona ardhi hii juu ya mto, alipiga magoti, akavua kofia, akatamka neno moja: Himmel, yaani mbingu kwa Kijerumani. Tangu hapo shamba likaitwa hivyo, na viazi vyake vikaitwa viazi vya mbinguni. Na kila mara shamba lilipopata mmiliki mpya, nguruwe jike alitangulizwa shambani. Pale alipofukua kwanza, ndipo kiazi cha kwanza kilipopandwa. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa ndivyo alivyofanya Ludolf.

Tessa alikuwa ameacha kazi mjini Milwaukee kwa ajili ya shamba hilo. Alitaka kulima mboga zisizotiwa sumu, na watoto wa mjini waje wachume kwa mikono yao. Baba yake, Verlyn, mjane asiye na maneno mengi, alimkatalia mwaka baada ya mwaka, mpaka majira ya baridi yaliyopita alipoitikia kwa kichwa tu, akaenda kukamua ng'ombe. Miche ilikuwa ikingoja kwenye kibanda cha vioo.

Karibu na lango la shamba, Bibi Elfrieda alikuwa ameketi na sahani mapajani. Alikuwa dada wa marehemu babu yake Tessa, na ndiye pekee aliyebaki akikijua Kijerumani cha mashambani walichokuja nacho wazee. Delmar alikuwa bado anakohoa kusafisha koo. Tessa akamwinamia bibi yake, akamwomba amtamkie neno mbingu, kama Ludolf alivyolitamka siku ile, liwe baraka yake.

"Heben," akasema Bibi Elfrieda, na kukata kipande cha soseji ya maini.

Tessa akatabasamu. Akasema alimaanisha lile neno lingine, la shamba.

"Himmel? Hilo ni la mchungaji, mjukuu wangu. Ludolf hakujua Kijerumani cha kanisani, na hata kanisani kwenyewe alikuwa akisinzia. Baba yangu aliliita shamba hili Hümpel. Na baba yake vivyo hivyo. Ninyi mliokwenda shule ndio mlioligeuza mbingu."

"Hümpel ni nini, bibi?"

"Malundo."

Kisha akaeleza, huku akitafuna, kwa sauti ya mtu anayekumbuka namna ya kupika kabichi. Yalikuwa malundo ya udongo, mengine marefu kuliko ghala, moja lina umbo la ndege aliyekunjua mbawa. Watu wa Ho-Chunk, wenyeji wa asili wa nchi hii, ndio walioyajenga, tangu zamani za zamani, na ndani yake walilaza wafu wao. Plau la Ludolf lilikwama. Basi akazungushia uzio, akawafungia humo nguruwe wake tangu theluji ilipoyeyuka hadi mavuno, wamfukulie. Mwaka uliofuata shamba lilikuwa limelala kama meza.

Tessa akalitazama shamba. Usawa wake ndio aliokuwa akiusifia tangu utoto.

"Na mifupa?" akauliza.

"Nguruwe hachagui."

"Bibi."

"Nao nguruwe wakaliwa, ndiyo. Usinitazame hivyo. Watu walikuwa na njaa." Mafuta yalikuwa yakimtiririka kidevuni, akayafuta kwa ncha ya kidole, akakilamba kidole. "Zamani tulikuwa wengi tuliokuwa tukiicheka sherehe hii. Siku hizi naicheka peke yangu, na haina raha."

Soseji aliyokula Tessa asubuhi ikapanda hadi kooni, ikakaa hapo, ya uvuguvugu. Akameza mate; yakawa na ladha ya maini. Nguruwe alikuwa akimsugua goti kwa pua yake yenye majimaji, na lile shada la maua, alilolisuka mwenyewe usiku uliopita kwa mapenzi, lilimchukiza kuliko mnyama aliyelivaa. Basi hii ndiyo ilikuwa sherehe yao. Neno limesahauliwa, sababu imesahauliwa, pua imebaki.

Delmar alikuwa amemaliza. Kofia aliyoivua kumwigiza Ludolf ilikuwa imerudi kichwani. Ukoo mzima, sahani mikononi, ulimgeukia Tessa.

"Tessa, unamfungulia au unamchumbia?" akasema Delmar, na watu wakaangua kicheko.

"Simfungui," akasema Tessa.

Akawaambia aliyoyasikia. Hakuiacha mifupa. Shangazi mmoja akaweka sahani yake chini, polepole. Wengine waliendelea kula. Hilo ndilo lililomtia kinyaa zaidi, vile vijiko vilivyoendelea kugonga sahani.

Delmar akasema hayo ni maneno ya bibi kizee aliyezidiwa na soseji.

"Wewe nilikwambia ulipoanza kuota ndevu," Bibi Elfrieda akamjibu kutoka kitini kwake. "Ukasema nisiseme mbele ya wageni. Halafu ukajifunza kuvua kofia."

Delmar akatazama viatu vyake.

Ndipo Verlyn akasogea. Alimtazama binti yake, akalitazama shamba, akayasugua mashavu yake kwa viganja vigumu.

"Mwanangu, hayo yameshapita. Ukilikataa shamba, nimpe nani?"

"Sijalikataa, baba. Nipe mimi. Ila halitalimwa. Nitawafuata wenyewe, Waho-Chunk, niwaambie tulichofanya, niwaulize wanataka nini. Wakilitaka lirudi, litarudi."

"Na mboga zako?"

Tessa alikuwa amekwisha kuzifikiria: nyanya zilizopanda uzi, kabichi changa, majina ya watoto aliyoyaandika kwenye vijiti. Moyo ulimuuma kweli.

"Nitapanda nyuma ya nyumba, kwenye majani."

"Pale pana mawe matupu."

"Nitayaokota."

Delmar alicheka kicheko kifupi, akarudi kwenye meza ya vyakula, na wengi wakamfuata. Viazi vya mbinguni vilikuwa bado vinatoa mvuke kwenye bakuli kubwa, vyeupe, vinono. Tessa akageuza uso.

Akalivua shada shingoni mwa mnyama, akalitupa. Kisha akavuta kamba kuelekea bandani. Nguruwe akagoma, kwa kuwa alikwisha kuunusa udongo mpya. Akakita miguu, akaguna, akamvuta Tessa upande wa lango. Tessa aliteleza, akaanguka kwa goti kwenye matope na mavi, akainuka, akavuta tena. Watu walikuwa wakitazama huku wakitafuna.

Alipofika bandani viganja vyake vilikuwa vimechubuka, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Hakuwa na mkono wa kuufungulia.

Mkono wa baba yake ukapita juu ya bega lake, ukaliinua lile komeo.