Mkwe Ndani ya Handaki

Mizinga iliponyamaza, amri ikatoka: kupanda. Kikosi kikaanza kuukwea mlima wa mpakani mwa Kongo, waasi wakiwa huko juu nyuma ya ukungu. Koplo Acom, mwanamke tabibu wa kikosi, akafuata na mfuko wake wa dawa huku akinung'unika, maana kwao Mukuju, Tororo, yeye alizoea kupanda vichuguu tu, akiokota kumbikumbi.

Mara risasi zikamiminika. Acom akajitupa katika handaki la kwanza aliloliona, akajikuta uso kwa uso na Wabwire, kijana wa Lunyo, Busia, mume wa binti yake Atai.

Mkwe! Tangu harusi wawili hao hawakuwahi kutazamana wala kusemezana. Kwa Wateso, watu wa Acom, ni mwiko, kwa Wasamia, watu wa Wabwire, vilevile: mama mkwe akiingia mlangoni, mkwe hutokea dirishani. Kambini walikuwa wakila kwa zamu ili wasikutane. Lakini vita havina macho.

"Wewe nakwenda wapi?" Acom akafoka. "Kaa chini!"

Wabwire alishajifunika uso kwa kofia, akaruka nje. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Asubuhi hiyo mshika mila nusura awe marehemu. Risasi ikampata kabla hajapiga hatua, akaanguka juu ya mawe.

Acom akailaani mila, akavilaani vita, akamlaani na kijana mwenyewe kwa adabu yake iliyopita kiasi. Kisha hofu ikamshika, hofu hasa, kwa kuwa Atai alikuwa mjamzito na yeye ndiye aliyemwahidi kwamba mumewe atarudi. Akatambaa nje, akamkamata ukosi, akamburura hadi handakini.

Jeraha lilikuwa juu kabisa ya paja, mahali ambapo mama mkwe hapataji hata kwa jina. Akaichana suruali, akashindilia bendeji, akakandamiza kwa mikono miwili na uzito wake wote.

Wabwire alilala kimya, kofia bado usoni.

"Wabwire! Unasikia mimi?"

Kimya. Acom akaingiwa na baridi. Mkwe hasemi na mama mkwe, na maiti pia haisemi, sasa atajuaje? Fulana nzito ya kuzuia risasi ilimficha kifua. Kuondoa mkono amguse shingo hakuthubutu, kwani damu ingemwagika yote.

"Mwanangu, jibu! Hii maneno ya mila tutatengeneza nyumbani, tutachinja mbuzi. Sema tu!"

Kimya. Risasi zikapita juu yao. Acom akalia kwa sauti, bila kuona haya, akimwomba Mungu asimfanye yeye ndiye wa kumpelekea Atai habari hiyo.

Kofia ikatikisika.

"Mama," sauti nyembamba ikatoka, neno la kwanza tangu harusi, "naomba wewe... funga macho."

Acom akayafumba. Machozi yakapenya hivyo hivyo, na mikono yake haikusogea.